Usiniambie Tena Shwari

Hallonbergen, Sundbyberg,
Stockholm, Sweden.
Jumapili, 18 Januari 2026.

Mpendwa mdogo wangu Vedasto,

Hujambo? Na hao wenyeji wako wa huko Norwe ya kaskazini hawajambo? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa kutwa kwenye gari la kusukuma theluji umepoa? Nauliza kwa sababu Mama alitulea tusianze maneno kabla ya salamu. Usije ukadhani nimekusamehe.

Sisi huku ni wazima. Shemeji yako Anselmo ana mafua, lakini anaendesha basi lake Upplands Väsby kama kawaida. Mimi bado niko jikoni kwenye shule ileile ya Tensta. Ella mguu umeunga, anatembea vizuri, na hachechemei isipokuwa anapotaka nimhurumie.

Utashangaa kuona karatasi baada ya miezi tisa ya kukunyamazia. Kwa simu ungenikatiza. Ungesema, "Dada, tulia," na mimi nikiambiwa nitulie hutoka maneno ambayo hayarudi. Karatasi haikatizi. Na nimeandika kwa Kiswahili makusudi, maana Kihaya changu kikishashika hasira hakina breki.

Kifurushi chako kilifika Jumanne. Viatu vya skii vya Ella, vya bluu, vipya, saizi yake kabisa. Na kile kikaratasi: "Kwa likizo ya Februari. Usiwe na wasiwasi Dada, huku ni shwari." Nilikisoma nimesimama koridoni na koti langu la kazi, nikajikuta nimekaa chini juu ya viatu vya watu. Yaani Vedasto, neno lilelile! Ulikuwa na maneno yote ya dunia ya kuchagua, ukaokota lilelile.

Basi nisikilize, kwa sababu hatujawahi kulisema jambo hili kuanzia mwanzo.

Ijumaa Kuu ya mwaka jana nilikupigia mchana tulipotoka kwenye Njia ya Msalaba. Ella alikuwa kwako siku ya nne. Nilikuuliza swali moja tu: kesho mnapanda mlimani, hali ya huko ikoje? Ukanijibu, "Shwari tu Dada, theluji nzuri mno, mwanao atafurahi." Nikakata simu nikaenda kuloweka maharage ya Pasaka. Nilikuamini. Nani mwingine nimuamini kuhusu theluji kama si mdogo wangu anayekula mshahara wake kutoka humo?

Sasa nikueleze nilichokuja kukijua baadaye, na ambacho wewe ulikijua palepale ukiwa umeshika simu. Wiki ile mvua ilinyesha huko kwenu hadi juu milimani, maana ninyi mmekaa kati ya bahari na mlima na hewa ya bahari haina msimamo. Kisha ikaja baridi, maji yote yakaganda. Kisha theluji mpya, na upepo kutoka baharini ukaibeba na kuirundika upande wa pili wa ukingo, upande uliotulia, ule unaovutia macho. Chini ya rundo hilo kulikuwa na tabaka dhaifu. Mimi ni mpishi, naelewa hivi: chini kuna chembechembe kama sukari, hazishikani, juu yake upepo umeweka bamba zito. Ukikanyaga bamba, sukari inaachia, na bamba lote linaondoka na wewe.

Taarifa ya maporomoko ya theluji ya siku ile ilikuwa daraja la tatu kati ya matano. Ilitaja hata pande zenyewe, miteremko ya kaskazini na mashariki, juu ya mita mia nne. Ulipompeleka mwanangu ni wapi? Kaskazini mashariki, mita mia sita.

Na kinachoniuma hadi leo ni hiki. Kazi yako ni nini? Kazi yako ni kusafisha ile barabara ya pwani inayopita chini ya mlima, na mlima ukiwa na hasira ni wewe unayeshusha kizuizi ili magari yasipite. Jumatano ya wiki ile ulikishusha. Ella aliniambia, alikuwa amekaa na wewe kwenye gari akiona taa nyekundu zinawaka, akakupiga picha. Ukawafungia njia Wanorwe na magari yao, siku tatu baadaye ukamfungulia mwanangu. Wale hata majina yao huyajui!

Kule juu, Ella anasema, mlisikia mlima ukiguna chini ya miguu yenu, sauti nzito kama mlango wa jokofu kubwa la pale kazini kwangu unapojifunga. Alikuuliza, "Anko, ni nini hiyo?" Ukamwambia, "Si kitu, ni theluji inakaa vizuri." Mtoto wa miaka kumi na sita! Sauti ile unaijua. Ungemwambia palepale, "Simama, tunarudi kwa njia tuliyojia," angerudi. Ni mkaidi kwangu, kwako si mkaidi. Badala yake akaendelea kukufuata, kwa sababu mjomba amesema si kitu.

Bamba likaachia, likaondoka naye. Dakika tisa alikuwa chini ya theluji. Nimejaribu kuzipima jikoni kwa saa ya tanuri, mara moja tu, sikufika hata nusu.

Ulimchimbua. Hilo nalijua na sitalikana mbele ya mtu. Kile kifaa cha kutafutana ulimvalisha mwenyewe kifuani asubuhi, ukakihakikisha kinalia. Ulimpata, ukamwondolea theluji mdomoni kabla ya kitu kingine chochote, na Anselmo aliona kucha zako zilivyong'oka kwa kuchimba. Kwa hayo asante. Naiandika asante hii hapa peke yake ili isichanganyike na mengine.

Sasa tuje kwenye simu.

Saa nane mchana, Jumamosi Kuu. Nakumbuka kila neno. "Dada, shikamoo. Ella hajisikii vizuri kidogo. Kaumia mguu. Si kitu kikubwa, ila njoo. Na shemeji aje." Kisha ukasema tutaongea nikifika, ukakata.

Vedasto, wewe umezaliwa wapi? Umekulia kwenye nyumba gani? Baba alipofariki, Baba Mkubwa alitupigia akasema Mzee ana homa kidogo, njooni nyumbani na watoto. Tulifika tukakuta turubai limeshafungwa uani. Shangazi naye "alilazwa kwa uangalizi", tukaambiwa tuje wote. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kuambiwa amefiwa kwa simu. Tunaambiwa mgonjwa hajisikii vizuri, tunaambiwa njoo, na njoo na mumeo. Sasa wewe unaniambia kaumia mguu, njoo, na shemeji aje. Ulitaka nielewe nini?

Nilielewa mwanangu amekufa.

Nilikaa sakafuni pale jikoni. Nikakupigia mara kumi na moja, hukupokea. Najua sasa ulikuwa na polisi na madaktari. Nikapiga simu ya Ella. Iliita. Iliita mpaka ikakatika, nikapiga tena ikaita. Leo najua ilikuwa ikiita ndani ya theluji, na kwamba uliiokota mwezi Juni ilipoyeyuka. Siku ile nilijua tu kwamba simu ya mwanangu inaita na mwenyewe hapokei.

Emérithe, yule Mrundi jirani yangu wa ghorofa ya chini, kiongozi wa kinamama wa kwaya, alinisikia. Hakuuliza mara mbili. Alipoambiwa maneno yako, "kaumia mguu, njoo na mumeo", alishika kifua, kwa sababu kwao Burundi nako ni hivyohivyo. Ndani ya saa moja nyumba imejaa. Kinamama wakatoa meza, wakakunja zulia, wakatandika magodoro sebuleni, na sofa wakalisukumia nje kwenye baraza la ghorofani. Likalowa na mvua ya Aprili, na mpaka leo linanuka. Majirani Waswidi wakawa wanachungulia wakidhani tunahama. Picha ya Ella ya Kipaimara ikawekwa kwenye kundi la simu na mshumaa pembeni. Pole zikaanza kuingia kutoka Kampala, kutoka Bujumbura, kutoka kwa watu ambao sijaonana nao tangu harusi yangu.

Ndipo nikafunga sanduku. Unajua nilipakia nini? Gauni lake jeupe la Kipaimara. Nilisema mwanangu hatavikwa shuka la hospitali ya kigeni. Nilipiga pasi, Vedasto. Nililipiga pasi gauni la kumzikia mwanangu, na kinamama wakiimba, na wewe huko una mtoto mwenye mguu uliovunjika na hamu ya kula.

Anselmo tulikutana kituoni Väsby, tukaenda uwanja wa ndege wa Arlanda. Simu yangu nikaizima, pole zilikuwa nyingi. Tulipofika Oslo kubadili ndege, shemeji yako aliona ujumbe wako: "Anaendelea vizuri." Aliificha simu mfukoni asinionyeshe. Akaniambia baadaye, hata Mzee siku ile tuliambiwa njiani anaendelea vizuri. Umeona unachofanya? Hata ukweli ukiutuma wewe unafika ukiwa maiti.

Tulikukuta umekaa nje ya mlango wa wodi. Nilikupita. Niliingia nimejifunga kitenge cheusi, tayari kwa nilichokiendea, na pale kitandani Ella anakula andazi la maziwa, mguu umening'inizwa, ananiangalia. Nilipiga kelele hadi nesi akakimbia. Wanasema nilikupiga kofi. Silikumbuki kofi hilo, lakini kama nilikupiga, sijutii.

Kesho yake alifungua sanduku langu kutafuta chaja. Akatoa gauni. Akaliangalia, akaniuliza kwa Kiswidi chake, "Mamma, kwa nini umekuja na hili?" Hadi leo sijamjibu, na hakurudia swali. Mtoto asiyerudia swali ni mtoto anayejua jibu. Tangu hapo huwa anaingia jikoni ninapopika, anakaa tu, hana anachotaka.

Mimi nami nina kosa langu, nikuambie kabla hujalitafuta. Nilimpigia Mama nikamwambia Ella kateleza kidogo, kaumia mguu. Unajua alichofanya Mama? Alianza kulia. Aliwaita wanawake wa jumuiya. Ilibidi nimpigie kwa video, akataka mtoto ainue mkono, akataka ageuze kichwa, akataka aseme jina la mbuzi wake aliyempa alipokuwa na miaka saba. Ella akalitaja. Mama akasema, basi, ni yeye. Nilicheka siku ile, ya kwanza tangu Jumamosi. Kisha nikaona kwamba katika nyumba yetu hakuna anayemwamini mwenzake mpaka aone mtu anatikisa kichwa. Tunapakana mafuta kwa mgongo wa chupa miaka yote na tunaita huruma.

Nyumbani labda ilikuwa na maana. Unamficha mtu habari ili asizimie njiani, ili afike, awe na watu wa kumshika. Kwa habari ya msiba naelewa. Lakini wewe umeichukua tabia ile ukaipeleka kwenye theluji. Mlima unasema tatu, wewe unasema shwari. Mlima unaguna, wewe unasema si kitu. Hukutaka kunitia presha, ukaniokoa na presha ukanipeleka kwenye msiba. Hukutaka kumtisha mtoto, na mtoto aliyetishwa angerudi mzima wa miguu yote miwili. Sina neno la upole la jambo hili, na ningekuwa nalo nisingekupa.

Na hujaacha! Kikaratasi chako ndicho ushahidi.

Sasa nikuambie kitu ambacho Anselmo tu ndiye anakijua. Kila asubuhi, kabla sijawasha majiko, nasimama karibu na dirisha la kupokelea mizigo na kusoma taarifa ya maporomoko ya pwani yenu. Kinorwe si mbali na Kiswidi, naelewa. Nimeisoma majira yote ya mwanzo wa baridi. Najua upepo wenu umevuma kutoka wapi wiki hii. Najua mvua ya Krismasi ilifika mita ngapi na ilipoganda. Wenzangu wanadhani nasoma habari za Bukoba.

Alhamisi ya juzi ilikuwa daraja la nne. Nikajua uko barabarani chini ya mteremko ule. Nikakutumia salamu, ya kwanza kwa miezi tisa, ukajibu, "Kazi poa Dada, shwari." Nilisoma kwenye taarifa za barabara kwamba njia yenu imefungwa, poromoko limevuka lami. Watoto mia tatu wanasubiri chakula, na mimi nimesimama na mwiko, naangalia ukurasa wa simu mpaka paandikwe barabara imefunguliwa. Paliandikwa saa saba. Wewe hukuandika chochote. Nilichoma mchuzi wa samaki, sufuria mbili, na nilimwambia bosi kwamba jiko limeharibika.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba nina hasira kwa sababu ya Ella tu. Nina hasira kwa sababu ninyi ni wawili.

Ella anataka kuja Februari. Ameniomba mara tatu, na mara ya tatu kwa Kiswahili, kitu ambacho hakifanyi bila shida kubwa. Nilimuuliza haogopi? Akasema anaogopa, ila anataka apajue mahali alipoanguka, asipaote tu. Baba yake amekubali. Mimi nilikataa siku nne. Kisha nikafikiri, akifika kumi na nane hataniomba, atapanda treni na kwenda, na atakuwa na mjomba yuleyule anayesema si kitu.

Basi atakuja. Masharti ni haya, na sijadili.

Kila asubuhi kabla hajavaa viatu unanitumia namba ya siku. Namba peke yake, moja hadi tano, kama ilivyoandikwa na wanaojua. Ikiwa tatu kwenda juu, hapandi, mtacheza karata. Hata ikiwa chini ya hapo, mlima ukiguna mnageuka, na unamwambia yeye kwa nini mnageuka, kwa jina lake: poromoko. Na likitokea lolote, Mungu apishe mbali, unaniambia kilichotokea. Mguu ukivunjika sema mguu umevunjika na mtoto yuko hai, anapumua, anaongea. Akifa sema amekufa. Utaweza kulitamka? Lifanyie mazoezi ukiwa kwenye gari lako, peke yako. Mimi nimeshalisikia mara moja bila wewe kulisema, siogopi tena sauti yake.

Viatu vya bluu nimevipokea, viko chini ya kitanda chake. Boksi lake nimekurudishia, ndilo hili lililobeba barua. Sijalirudisha tupu. Ndani, chini ya karatasi laini, utakuta lile gauni jeupe. Lina mikunjo ya pasi ileile, sijaligusa tangu Aprili. Halimtoshi tena, amerefuka. Litundike hapo mlangoni unapotundika koleo na vile vifaa vya mlimani, mahali ambapo lazima uliguse ukitoka. Siku mkono wako utakapoanza kuniandikia shwari, liguse kwanza.

Emérithe anakusalimu, anasema ukija Stockholm utamnunulia sofa yeye, si mimi, kwa maana ndiye aliyelisukuma. Anselmo anakusalimu, yeye hana kinyongo, ameniachia mimi chote. Mama nimeongea naye jana, anaulizia mgongo wako, na anauliza kama kweli unaumwa mgongo au tunamficha kitu. Wasalimie wenzako wa barabarani, wale mnaobadilishana zamu.

Mungu akulinde chini ya mteremko ule kila unapopita, na akufungue mdomo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa moyo mmoja,

Theresia

Kabla sijafunga boksi: leo asubuhi namba ya kwenu ni mbili. Nimeshaiona. Nitumie wewe.